Never ya Aabo

Nuu, 15 Juni 2025

Kowsar hooyo, mwanangu,

Salaam aleykum. Hujambo? Hassan mumeo je? Na huyo wa tumboni, mateke yanaendelea? Sisi wazima. Magoti yangu tu ndiyo yananung'unika.

Usishtuke, mwandiko ni wangu mimi mamako! Nimeingia ngumbaru, na Mwalimu Kathini ametuambia kila mmoja aandike barua. Afadhali barua. Simu nyumbani ni moja, na ukipiga, Aabo babako huiweka spika, boma zima linasikia.

Juzi tumefundishwa Kiingereza cha mara ngapi. Always ni kila mara, bila kukosa. Usually ni kawaida yako, ingawa siku moja moja unateleza. Sometimes, leo ndiyo, kesho la. Rarely ni mvua ya huku kwetu. Never ni kamwe, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa chooni. Nikaambiwa nitoe mfano. Nikasema, "Mume wangu Kusow always husifu mbuzi wake, na sometimes mke wake." Wee! Darasa lilivunjika mbavu.

Sasa utakuja lini? Mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwao, na arobaini hukaa kwa mamake.

Mimi hooyo yako, Arbaco


Sultan Hamud, 29 Juni 2025

Hooyo mpenzi,

Aleykum salaam. Mimi mzima, ila miguu imefura. Hassan anakusalimu. Barua yako ameibandika dukani kando ya betri za tochi, kila mteja lazima aisome.

Lakini hooyo, unaniuliza nitakuja lini kana kwamba hujui? Nilipokataa kuolewa na mtoto wa Mursal, rafiki yake Aabo, wageni wamejaa uani na pilau iko motoni, Aabo alisema nini? Mbele ya watu wote alisema sitakanyaga kwake kamwe. Miaka mitatu sasa. Hakusema rarely, hooyo. Alisema never.

Naogopa kuzaa mbali na wewe. Usiku nalala nalia, Hassan hajui afanye nini. Tafadhali muulize. Akisema kamwe tena, nitanyamaza nizalie huku.

Mwanao, Kowsar


Nuu, 20 Julai 2025

Kowsar hooyo,

Salaam nyingi. Hiyo miguu iinue juu ya mto ukilala. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Nimemuuliza. Akaweka kikombe chini, akasema, "Kamwe." Usianze kulia, maliza kusoma.

Siku ya soko nilimpelekea chakula. Mteja akataja bei ya yule beberu mwekundu. Babako akapaza sauti, "Huyu siuzi kamwe!" Mteja akaenda zake. Na babako? Amesimama palepale, kamba mkononi, anaangalia mawingu. Mteja akarudi, akabembeleza kidogo. Kabla ya adhuhuri beberu amekwenda.

Mimi ni mke wa muuza mbuzi, nawajua hawa watu. Ambaye hauzi kweli hapigi kelele, anafungua kamba anarudi nyumbani. Anayesema kamwe na miguu haiondoki, huyo anangoja urudi. Wewe uliondoka, hujarudi kumwambia hata neno. Unapiga simu unaongea na mimi tu. Hiyo spika, mwanangu, unafikiri anamwekea nani? Masikio yangu mimi ni mazima.

Mwandikie yeye. Nitamsomea, maana ngumbaru amekataa, ati ni ya wazee.

Hooyo


Sultan Hamud, 3 Agosti 2025

Aabo,

Salaam aleykum. Hujambo na kifua chako? Mbuzi wanapata malisho?

Kumkataa yule kijana sijutii, nisikudanganye. Lakini nilitoka bila kukuaga, nikakuacha peke yako na wageni, na hilo linaniuma mpaka leo. Nisamehe, Aabo.

Ulisema kamwe nikaenda zangu. Sasa nimerudi kubembeleza. Nataka mtoto wangu asikie adhana ya kwanza kwa sauti yako. Sina lingine.

Binti yako, Kowsar


Nuu, 17 Agosti 2025

Kowsar,

Naandika mimi, anayesema ni babako. Nayaweka kama yanavyomtoka.

Aleykum salaam. Kifua ni kizima. Mwambie kamwe. Arbaco, umeandika kamwe? Haya. Kamwe asibebe mtungi wa maji, hata mdogo. Kamwe asipande lori la mbuzi, nitakuja mwenyewe na gari ndogo, nauli ni juu yangu. Huyo Hassan naye aje, nimwone anafananaje. Na mwambie, mwambie kwamba... Basi. Andika hivyo tu.

Hapo, mwanangu, alijifuta uso kwa kofia. Nikamsomea barua yako tena, mara ya nne hiyo tangu asubuhi.

Sasa amechukua simu ametoka nje, ati barua zangu zinakawia. Kwa hivyo ukisoma haya mtakuwa mshaongea. Nimechungulia dirishani. Ameiweka sikioni kabisa. Leo hakuna spika.

Hooyo yako