Verstaan, Neno Lako la Kusimama

Baba,

Hitima yako imekwisha, watu wamekula pilau wakaenda zao, na mimi nimegombana na Kaka Salim. Usinune. Ningerudia.

Tangu Mama apate kiharusi, wewe ndiye uliyekuwa masikio yetu. Maneno yake yanatoka nusu nusu, wewe unayadaka. Sasa haupo, na jana Kaka alikaa na wajomba sebuleni hapa Stechford wakakata shauri Mama apelekwe nyumba ya wazee, Perry Barr. "Hafahamu kitu, na sisi hatumfahamu. Care home wana ma-nurse," alisema. Na Mama yupo pale pale kitini, wanampitishia maneno juu ya kichwa kama sahani za halua. Nilichukia, Baba.

Nikakumbuka Rotterdam, kabla hatujahamia hapa Birmingham. Umerudi kutoka darasa la Kiholanzi, koti hujavua, unatusomesha neno verstaan. Kuelewa jambo, ukasema, Waholanzi wana neno lake jingine. Hili ni la kuyapata maneno ya mtu yanavyotoka mdomoni. Na ndani yake mna staan, kusimama. Mwalimu wako alikiri kuwa hata wataalamu hawana hakika kusimama kuliingiaje kwenye kusikia. Wewe ulikuwa na hakika, mbishi wewe! Watu wa kale, ukasema, walisimama mbele ya mwenzao mpaka wakamsikia. Tangu siku hiyo hukumjibu Mama ukiwa umekaa. Tulikucheka sana.

Basi jana nikapita katikati ya wanaume, nikasimama mbele ya Mama, nikamuuliza anataka kukaa wapi. Mjomba akaguna, "Mtoto wa kike huyu!" Sikubanduka. Mama alihangaika na ulimi, jasho likamtoka, chai zao zikapoa. Mwishowe nikalipata neno lake: "Hapa."

Kaka anasema nimelibuni. Nikamwambia aje yeye amsikilize. Hakuinuka.

Leo asubuhi Mama kaomba uji. Nimemsikia upesi kidogo kuliko jana, ingawa sikufikii wewe, na nimelia jikoni kwa sababu hiyo.

Mungu akulaze pema, Baba yangu. Wakasirike wanaokasirika. Mama hatoki nyumba hii mpaka aseme mwenyewe kwamba anataka kutoka, na hilo nakuahidi mimi, mwanao,

Rukia