Mama Aliweka Jembe Chini kwa Ajili ya Berlini

Buhembe, Bukoba
Pentekoste, 20 Mei 1945

Mpendwa mdogo wangu Lwakatare,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa sijui kama nakusalimu asubuhi au jioni, maana jua la huko Burma mliko nyinyi askari wa Keya silijui. Hujambo? Ule mguu ulioandika kwamba umeharibiwa na maji ya buti umepona? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila anakula. Mbuzi wako amezaa pacha. Mmoja tumemla, usiniulize zaidi.

Nakuandikia haraka kwa sababu kuna habari itakayokufikia kwa mdomo mwingine, nami nataka uisikie kwangu kwanza. Jirani yetu Clotilda amesema atamwandikia mwanawe Apolinary, mliye naye kikosi kimoja, kwamba mama yako analilia maadui huku wewe unapigwa risasi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, kwa hiyo usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Habari ilipofika kwamba mji wa Berlini umetekwa, mjini walicheza ngoma. Jumapili yake Mwinjilisti Kagaruki alihubiri mpaka kola ikalowa jasho. Alitupitisha Ninawi, Babeli, hata Yerusalemu yenyewe: jinsi manabii walivyotangaza mapema kwamba mji uliojaa damu utazingirwa na kuta zake kuangushwa, na kwamba anayeyaleta majeshi hayo ni Mungu mwenyewe. Akafunga Biblia, akasema Berlini nao umehukumiwa. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, kwa kuwa nilikuwa nakuwaza wewe.

Mama hakuitikia. Kesho yake hakushika jembe. Alikata majani ya migomba, akayatandika chini mlangoni, akaketi, wala hakuwasha moto. Wewe ni Mhaya, huhitaji kuelezwa: nyumba isiyogusa jembe ina msiba. Nami nilikuwa nimepeleka kahawa Kemondo, hakuwepo wa kueleza. Clotilda alipopita kibanjani kwetu, kwenye migomba, akamwona, alijitupa chini akapiga yowe, maana nyumba hii ina mtu mmoja tu aliye vitani. Na kama umekufa wewe, aliwaza, Apolinary atakuwa amesalimikaje? Niliporudi nilikuta ua umejaa, kina mama wanakulilia kwa jina lako. Nami nikalia nao, Lwakatare. Niliamini.

Ndipo Mama, aliyekuwa ameinama akilia asisikie la mtu, akainua kichwa, akasema, "Lwakatare ni mzima. Namlilia Bibi Hanna."

Unamkumbuka muuguzi wetu wa Kidachi, aliyechukuliwa pamoja na wamisionari wenzake vita vilipoanza, akarudishwa kwao Ujerumani, mjini Berlini. Ulipougua mapafu ukiwa mtoto, ni yeye aliyekupakata kifuani pake mpaka ukapata pumzi. Mama alisema hajui kama Bibi Hanna ana ndugu waliobaki wa kumlilia, basi atamlilia yeye.

Clotilda aliwaka. Kumlilia mtu aliye hai, alisema, ni kumwita kaburini, na kwa yowe lile yeye amekwisha kumwita mwanawe Apolinary, kumbe ni kwa ajili ya Mdachi. Akaondoka bila kuaga. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningemrushia mtu kitu.

Alasiri akaja Kagaruki. Nilidhani amekuja kumfungia Mama Meza ya Bwana, na unajua Mama bila ushirika angekonda akaisha. Mama alimpa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, akamwambia, "Mwalimu, sikatai kwamba ni hukumu. Lakini aliyehukumiwa, asililiwe na mtu?"

Kagaruki aliipokea kahawa, akatafuna. Naye pia alifundishwa kusoma na wamisionari wale wa Kidachi. Mwishowe akavua viatu, akaketi kwenye majani karibu na Mama. Alisema Yeremia alitabiri kwamba Yerusalemu utatekwa, akachukiwa na kutupwa shimoni, na ulipotekwa kweli hakujisifu, bali alilia kuliko wote. Leo amelihubiri jambo hilo mbele ya watu. Baadhi walinung'unika, wengine walitoka nje kabla ya sala. Mama amekwenda mezani pa Bwana kama kawaida, na jembe amelirudia.

Baba mkubwa Rwegasira anakusalimu sana. Shangazi Kemilembe wa Muleba anauliza utaoa lini, maana yeye amekwisha kukuchagulia. Nimemwambia kwanza akusubiri urudi.

Sasa haya ni maneno ya Mama, nayaandika anavyoyasema: "Tunasikia nanyi mnaingia miji. Sijui dhambi za watu wa huko, Mungu ndiye anayezijua. Ila ukiingia mji, ukamkuta mama ameketi chini mlangoni pake, ishushe bunduki yako. Msalimie kama unavyonisalimia mimi, hata asipokuelewa."

Clotilda ameingia kuomba kaa la moto wakati Mama anasema hayo. Ni mara ya kwanza kukanyaga hapa tangu siku ile. Amesimama na kigae chake mkononi, akisikiliza, na machozi yanamtoka. Kisha akaniambia, "Mwandikie na Apolinary. Waambie wote wawili."

Nimeandika. Mpe Apolinary naye asome.

Mungu awafunike nyote, awarudishe mkiwa na miguu yenu miwili miwili.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikulia mbuzi,
Kokuberwa