Nilipewa Upande wa Miguu

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya kupasua midomo, jua hatujaliona tangu Jumapili, na mimi wivu umenijaa hadi kooni.

Naandika hapa hapa saiba, duka la intaneti ninaloliendesha, kwenye ile kompyuta ya pembeni ambayo kibodi yake bado ina herufi zote. Wanaonijua wanajua: kutoka Hurlingham mpaka Adams hapa Nairobi hakuna chali anayechapa haraka kunishinda, na shule niliiachia kidato cha pili. Nusu ya insha za hiki chuo tulichopakana nacho zimepita kwenye vidole vyangu. Kwa hivyo mimi pia ni msomi. Digrii tu ndiyo sina.

Brayo anakaribia kupata yake. Na sasa ana kizibao.

Nieleze. Tangu ile mitetemeko ya ardhi itutoe nje mbio, wengine na mwiko mkononi, chuo kimeamua watu wafundishwe cha kufanya. Wamechagua wanafunzi wa kujitolea, wakawapa vizibao vya manjano vinavyong'aa. Mkubwa wao ni Brayo wa mwaka wa tatu, mrefu kama mlingoti wa bendera, anayebeba kipaza sauti hata akienda kununua maandazi. Zoezi lilipangwa liwe kesho: king'ora kilie, watu wote waende uwanjani, na majeruhi mmoja wa kuigiza abebwe kwa machela.

Kati ya wasichana wote wa chuo kizima, majeruhi akachaguliwa Njeri.

Njeri ambaye huja hapa kusoma barua pepe na kucheka utani wangu. Njeri ambaye nimekuwa nikipanga kumwalika Jumamosi twende tukale chipsi Adams. Wiki nzima sijala vizuri nikiwaza Brayo akimbeba.

Basi leo asubuhi alikuwa hapa akichapisha maelezo yake ya somo, tuko wawili tu. King'ora kikalia. Nikachungulia: wanafunzi wanatoka mabwenini mbio.

Sasa wewe msomaji kama si wa mtaa huu, jua hivi. Zoezi lilikuwa la kesho, na hapa wanafunzi wakikimbia hatuulizi. Hiyo ni goma, mgomo wa wanafunzi. Yanafuata mawe, halafu gesi ya kutoa machozi. Mama Chapo, jirani yangu anayeuza chapati, alishafunika karai na kupiga kelele, "We Kim, unangoja mwaliko? Funga!"

Nikafunga. Mlango wa chuma chini, kufuli kwa ndani, mimi na Njeri chini ya meza.

"Usijali," nikamwambia. "Ukiwa na mimi, hata jiwe litauliza ruhusa."

Akacheka. Sitadanganya, zilikuwa dakika tamu. Nikaanza kutengeneza sentensi ya chipsi.

Halafu kipaza sauti: "Majeruhi Njeri! Majeruhi, uko wapi?"

Kumbe Brayo alilileta zoezi leo bila kumwambia mtu, eti tetemeko halipigi hodi. Mama Chapo ndiye aliyemwonyesha tulipo. Wakaanza kugonga mlango. Nikatafuta ufunguo mfukoni, haupo. Juu ya meza, haupo. Nje umati unahesabu sekunde kwa sauti kama watoto wa chekechea, na mimi natambaa sakafuni. Ulikuwa umeanguka nyuma ya printa.

Nilipofungua, Brayo hata hakupandisha sauti.

"Buda, ingekuwa tetemeko ya ukweli, hizo ghorofa zote hapo juu zingekuwa zimemwangukia saa hii."

Watu wakaangua kicheko. Njeri hakucheka. Aliangalia dari, akaangalia kufuli mkononi mwangu, akasogea nje hatua kadhaa.

Hiyo ndiyo iliniuma. Afadhali angenitukana.

Zoezi likaendelea. Mbeba machela wa pili hakuonekana. Yeye pia, na kizibao chake, alidhani ni goma akakimbilia nyumbani Kilimani. Brayo akauliza nani ana nguvu. Mkono wangu ukapanda kabla sijaushauri.

"Shika upande wa miguu," akaniamuru.

Sikujua kumbe majeruhi hubebwa miguu ikitangulia. Maana yake wa miguu anakwenda mbele, mgongo kwa mgonjwa. Wa kichwani ndiye anayemwangalia usoni, anamuuliza jina lake, anamwambia apumue polepole. Mimi kutoka geti la chuo mpaka uwanjani nimeona nyasi, na kwa pembe ya jicho raba mbili nyeupe. Nyuma yangu nasikia Brayo akinong'ona kitu. Njeri akacheka.

Kicheko kile kile cha chini ya meza.

Manze, nilitamani kuangusha machela. Lakini nilimshika vizuri, hata kwenye mtaro sikumtikisa. Alipowekwa chini akasema, "Asante Kim, mkono wako hautetemeki." Kisha akaenda kupiga picha na wenye vizibao.

Ningetaka kuandika kwamba Brayo ni mjinga. Nimejaribu, nimefuta mara kadhaa. Tetemeko lingekuwa la kweli, mimi ndiye ningekuwa nimemfungia Njeri ndani huku nikijisifu.

Ule ufunguo nimeutundika kwa kamba kwenye mlango wenyewe, hata kipofu ataugusa. Na Jumamosi wanafundisha wapya wa kujitolea, hata wa nje ya chuo wanaruhusiwa. Chipsi zitangoja. Nitaenda, na si kwa sababu ya Njeri.

Sawa, ni kwa sababu ya Njeri.

Lakini siku ardhi ikitikisika kweli, Brayo ajue mapema: kichwani nashika mimi.