Karai la Mama Mkwe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Kolo tupo, ila mvua imetukimbia, na babu yako hasimami tena bila kushikwa mkono.

Unauliza kwa nini chakula kinaganda kwenye karai lako jipya. Hukukosea kununua, chuma kizito kisichopakwa rangi ndicho chenyewe. Liunguze motoni mpaka libadilike rangi, lipake mafuta ya alizeti kidogo sana, liunguze tena. Rudia. Litakuwa jeusi polepole, kwa miaka. Usilisugue kwa stilwaya.

Mimi nililisugua la mama mkwe. Nilikuwa bibi harusi wa wiki moja, natafuta sifa ya usafi. Karai lake kubwa la kukaangia nyama lilikuwa jeusi tii, nikadhani ni masizi. Nikalipeleka kisimani, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa, nikamletea huku natabasamu. Akalipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaingia ndani. Siku hiyo hakutoka tena.

Karai hilo ndilo nililorithi, na nimekaangia humo hadi likarudia weusi wake. Juzi mke wa mjomba wako, binti mwema, kanisugulia likang'aa. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu," nikaingia ndani.

Miaka yote nilidhani mama mkwe alinikasirikia. Kumbe alijua hataishi kuliona jeusi tena.

Na mimi sitaliona. Lako lianze leo.

Bibi yako