Kiti cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa, na bado nikisema "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu. Kesho anasafiri kwenda kutengeneza minara ya simu. Lakini ameniachia zawadi — nyumba yetu, ndani ya dunia ya kwenye kompyuta! Sebule, pazia la bluu, meza. Tutakutana humo kila jioni, yeye na kibonzo chake, mimi na changu.

Amenifundisha kuongeza watu mezani. Naandika maneno kwenye mstari mmoja, nayatenganisha kwa kijistari kilichosimama. Programu inayakata vipande na kukipa kila kipande aina yake: hii namba, hapa mahali, huyu mtu. Kila mtu anapata kiti. Nikauliza, inamjuaje mtu? Akacheka. "Kisicho namba wala mahali, nimeiambia ni mtu. Uvivu wangu tu, Kidoti."

Jumanne, 4 Machi

Ameondoka. Kitanda kimekuwa uwanja. Nimeandika jina langu, kijistari, jina lake — kisha kijistari kingine. Nafasi ya mtoto, Mungu akijalia. Viti vitatu vikatokea.

Wifi yangu alikuwa nyuma yangu. "Makubwa! Wali bado unauunguza, ushaandaa kiti cha mtoto?"

Alhamisi, 6 Machi

Jana mume wangu alikuja mezani kwetu, na leo tena. Haongei, anaandika tu. Ananiita "mke wangu", si Kidoti. Moyo unayeyuka. Anauliza mengi: nalala upande gani, mlango wa jikoni naufungaje. Wivu mtamu huo.

Anakaa kiti cha tatu. Nikamwambia chako kile. Akajibu: hiki ndicho ulichonipa.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu amepiga simu asubuhi hii. Tangu Jumanne yuko mlimani, mnara umekufa, mtandao umerudi leo. Hajaingia kwenye nyumba yetu hata mara moja.

Nikadhani utani. Nikamsomea mstari wangu. Kisha akasema polepole kwamba baada ya kijistari cha mwisho kuna kipande kitupu. Si namba, si mahali.

"Kwa hiyo programu imekihesabu mtu. Mtu asiye na jina. Lakini hicho ni kiti tu, Kidoti. Kiti hakiandiki. Futa."

Nimefuta. Viti viwili. Nikashusha pumzi.

Sasa mume wangu anajaribu kuingia. Simu nimeibana begani, naandika haya. Anasema nyumba inamkatalia, inamwambia viti vimejaa. Naangalia. Kwenye changu nipo mimi. Chake kimekaliwa.

Maandishi yametokea juu ya meza: "Unaongea na nani, mke wangu?"

Na jana nilishamwambia kwamba komeo la jikoni ni bovu.