Gundi ya Julai

Jumanne. Ukungu tangu alfajiri; kutoka dirishani sioni hata michai ya jirani. Moyo wangu umechoka. Daktari alisema hivyo bila kuzungukazunguka, basi nami nisizunguke.

Bandani mwangu hapa Tetu kuna ndege ya mbao. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa walikuja kuitazama. Mmoja aliuliza kama ikianguka haitaangukia ng'ombe wake. Wakacheka, wakapiga picha, wakaniita fundi. Niliwadharau kwa kusifu wasichokijua. Hawawezi kutofautisha skrubu na msumari. Lakini mimi ninayejua nilisimama pale nikipokea sifa.

Ndege si yangu. Rafiki yangu Kariuki, seremala, aliinunua kule Timau ikiwa mifupa mitupu, panya wamezaa kwenye mkia. Tuliitengeneza pamoja kwa miaka sita. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilifundisha kemia miaka thelathini, na sikumwacha asahau.

Alikuwa na desturi moja. Kila tulipochanganya gundi, alibandika pia vipande viwili vya masalio ya mbao, akaviandika tarehe kwa penseli. Kipande hicho cha majaribio tulikiita shahidi. Gundi ikishakauka, unakivunja. Mbao ikipasuka yenyewe, kazi ni nzuri. Vipande vikiachana palepale kwenye gundi, unabomoa ulichojenga.

Julai ya mwaka juzi alilazwa hospitali. Aliniagiza nisiguse bawa la kushoto hadi jua lirudi, maana gundi ile haishiki kwenye baridi. Eti seremala ananifundisha mimi habari za joto na gundi. Niliwasha jiko la makaa bandani, nikaunganisha mhimili wa bawa peke yangu, nikaenda kulala. Asubuhi jiko lilikuwa jivu baridi.

Wiki iliyofuata nilivunja shahidi. Vipande viliachana safi, kama biskuti mbili.

Nikavitia jikoni, nikachemshia chai.

Kisha nikalifunika bawa kwa plaiwudi, nikaenda hospitali kumwambia Kariuki kwamba limekwisha. Aliuliza kama shahidi alipasuka vizuri. Nikasema ndiyo. Alinishika mkono kwa furaha. Mwezi ule ule tukamzika.

Binti yake, Nyambura, ni rubani. Tangu mwaka jana amekuwa akija kuimalizia ndege: injini, nyaya, kitambaa cha mkia. Mkaguzi anakuja mwezi ujao, halafu Nyambura airushe. Mkaguzi haoni ndani ya mbao iliyofunikwa. Aliyejua ni mimi tu, na mimi ninakufa.

Leo asubuhi nilimwambia.

Nilitarajia matusi. Alichukua msumeno, akaniuliza ni wapi hasa. Akalifungua bawa, akakata kipande cha mhimili penye kiungo, urefu wa kiganja, akaniwekea mapajani.

"Vunja, Mwalimu."

Mikono hii haifungui kichupa cha dawa, hunifungulia jirani. Kiungo kiliachana bila hata kutoa sauti.

Alipitisha kidole penye gundi. "Ningekuwa juu ya Nyeri mjini na hii," akasema. Kisha, akifuta msumeno: "Baba alikuwa anakuita msomi wetu."

Nimetukanwa na wanafunzi, na wakwe, na mkuu wa shule mmoja mlevi. Hakuna aliyewahi kunichoma hivyo.

Anasema ataunganisha mhimili mpya Januari, jua likiwaka, na shahidi atavunjwa mbele yangu. Alisema "mbele yako" kama mtu anayetoa adhabu, na ninastahili.

Vipande vile viko mezani ninapoandika. Nimeviandika tarehe ya leo kwa penseli, kama Kariuki.

Januari ni mbali, na nimeshadanganya familia ile mara moja; sitaahidi kuifikia. Nimemwambia Nyambura asinisubiri mimi. Asubiri jua.