Mlango Niliomfungia Mama

Mkolani,
Mwanza.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Seif,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Zuhura na watoto, na kwamba kifua cha Farouk kimetulia sasa baridi ya Newala inapopungua. Mjulishe kuwa shangazi yake anamwombea kila siku. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama anakula vizuri, sato wa kuchemsha hamkatai hata siku moja, na ule mkono wake wa kulia sasa unaweza kushika kikombe, mradi kisijae.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimempa Abdillah, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anashuka Mtwara kwa mambo yake ya korosho. Kwenye simu nikianza kueleza utaniuliza, na mimi nikiulizwa huwa najibu lile ninaloona unataka kusikia. Tabia hiyo unaijua. Hapa kwenye karatasi hakuna wa kunikatisha, basi nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unipigie.

Unakumbuka nilivyohangaika na kazi mwaka jana. Mama alipopata kiharusi niliacha lile duka la nyavu nilikokuwa mtunza stoo, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake. Akili yake huenda na kurudi. Akiona mlango wazi hutoka kwenda Ukerewe kununua dagaa kama zamani, na akifika barabara kuu hajui ashike upande gani. Wasichana wa kazi wamekuja wawili na wote wameondoka. Aliyebaki ni jirani yetu Sabina, ambaye hukaa naye asubuhi kwa hisani tu, kisha mchana huenda sokoni kwenye biashara yake.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kazi ya nusu siku, na kaka, kazi ya nusu siku hapa mjini ni kama kutafuta meno ya kuku. Kila tangazo linasema muda wote, asubuhi hadi jioni. Nilienda hivyo hivyo, nikawa naomba nifanye nusu siku kwa nusu mshahara. Hoteli moja kule Ilemela walinicheka waziwazi. Kwenye shule moja ya watoto wadogo, mwalimu mkuu alinitazama kama mtu aliyeomba kukalia nusu kiti, halafu akaniuliza kwa upole kama nina ujauzito ninaouficha. Nilicheka mpaka nafika nyumbani, kisha nikalia.

Ndipo likatoka tangazo la Bwana Venant, mwenye vizimba vya samaki Luchelele. Alitaka mtunza stoo ya chakula cha samaki, naye pia alitaka wa muda wote. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Sada, yule mwenzangu wa duka la nyavu, ambaye asubuhi alikuwa akiuza vitumbua na alitaka kazi ya mchana. Nikamwambia Bwana Venant kwamba samaki wake wanakula asubuhi na jioni, hapo katikati mtunza stoo wake atalala juu ya magunia. Anipe mimi asubuhi, ampe Sada mchana, nafasi moja watu wawili. Alisema tutagombana kabla mwezi haujaisha. Hatukugombana. Tangu mama augue, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na kazi na kuwa na mama kwa wakati mmoja.

Mwezi wa saba ndipo Shimba, mume wake Sada, alipoanguka ghafla na kufariki. Zile pole ulizonituma nilizifikisha. Sada akaingia eda, na kwao wanaishika barabara: miezi minne na siku kumi hatoki nje ya nyumba, sembuse kwenda kazini. Siku ya matanga nilikaa naye mkekani, nikamwahidi mbele ya wanawake wenzetu kuwa nusu yake itamngoja. Niliahidi kwa sauti kubwa, maana msibani mtu hutaka kuonekana mwema.

Bwana Venant alikuja msibani na ubani wake, siwezi kumsema vibaya. Lakini wiki iliyofuata aliniita.

"Dada Yasmin, mimi nafasi niliyonayo ni moja. Ukiijaza yote mpaka mwenzio atoke eda, sawa. Ukishindwa, natangaza upya, muda wote, na hapo mtakuwa mmetoka nyote wawili."

Nikamjibu kuwa nitaijaza.

Mpaka hapa ungenisifu, kaka. Sasa nakuandikia lile lililonifanya nichukue kalamu. Mchana, Sabina akiwa anataka kuondoka, nilirudi nyumbani kwa bodaboda. Nilimlisha mama, nikampeleka chooni, nikamwashia redio, nikatoka, nikamfungia mlango kwa nje. Kisha nikarudi Luchelele mpaka jioni. Kufuli nilinunua mwenyewe, nikachagua kubwa. Nilifanya hivyo siku zote za kazi za mwezi wa nane na kuingia mwezi huu.

Nilijiambia ni kwa usalama wake asije akagongwa barabarani, na hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba nikifika stoo nilikuwa napumua. Nilikaa kwenye ule ubaridi wa magunia, hakuna anayeniita, nikafurahi. Mwanamke aliyezunguka visiwa na ndoo zake mpaka wewe ukawa mwalimu, mimi nilimfungia kama kuku, kisha nikafurahia utulivu. Naona aibu hata kuliandika.

Na wewe ulinipigia jioni moja ukauliza mama siku hizi anashinda na nani. Nikakuambia, "Yuko na mimi hapa." Kwa dakika ile ilikuwa kweli, alikuwa amekaa karibu yangu. Ulinishukuru, ukaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina. Kama ungenitukana isingeniuma kama ile dua.

Kwa Sada nako niliacha kwenda, ingawa ni kupanda mlima tu hapo juu. Tumelelewa kwamba mwenye eda hupelekewa uji na maneno ya kumliwaza, hatwishwi mizigo ya watu. Mimi maneno ya kumliwaza sikuwa nayo, na uongo nilikuwa nimechoka kuusema. Nikawa natuma salamu.

Aliyefichua ni Sabina. Jumapili iliyopita alikwenda kumjulia hali Sada akamweleza yote, mpaka ukubwa wa kufuli. Sada akanipigia, akasema niende wakati huohuo. Nilimkuta amekaa kwenye godoro lake chini, amekonda, kanga imemzidi. Hakuniacha hata nikae.

"Yasmin, mimi nimekaa ndani kwa sababu nimefiwa na mume. Mama yako yeye amefiwa na nani?"

Nikaanza habari za kazi, kwamba ni nafasi yake ndiyo niliyokuwa namshikia. Akanikatisha.

"Usinitwishe mimi. Hukuniuliza. Nakaa hapa kutwa nzima natazama ukuta, mtu wa kuzungumza naye sina, na wewe unakwenda dukani kununua kufuli. Kesho mlete."

Nimemhurumia mjane kwa kumkimbia, na mama nimemlinda kwa kumfungia, wakati nyumba ile ya juu ina mtu asiyetoka mchana kutwa. Mtoto mdogo angeliona hilo. Mimi sikuliona kwa sababu sikutaka mtu ajue.

Basi tangu Jumatatu mama anashinda kwa Sada. Wanamenya karanga, na mama anamsimulia jinsi ya kumjua mvuvi anayechanganya dagaa na mchanga. Sada anasema mama ndiye mtu pekee ambaye hampi pole, maana kila siku anasahau kuwa kuna msiba, anamsihi tu ale vizuri asije akazeeka mapema. Anasema hilo linampumzisha. Wakwe zake walinung'unika kidogo siku ya kwanza, lakini mama aliwaamkia wote kwa heshima akidhani ni wateja wake, wakakosa la kusema. Kufuli nimempa Sabina afungie kibanda chake cha sokoni.

Mwishoni mwa Novemba Sada atatoka eda na tutarudi kwenye nusu zetu, Mungu akipenda. Fedha sikuombi. Nakuomba likizo ya Desemba uje, ukae na mama japo wiki mbili. Msamaha wako nitaupokea ukinipa, lakini wa kunisamehe hasa ni yeye, na yeye hakumbuki kosa. Nami nilijifariji kwa hilo, kwamba hakumbuki, mpaka nilipoona jambo hili.

Nikiwa nyumbani, mlango wetu sasa unashinda wazi. Mama akitaka kwenda uani hufika kizingitini, husimama, hushika mwimo kwa ule mkono mzima, halafu huita huko nje, "Hodi." Anangoja. Nikimwambia karibu mama, ndipo anatoka. Jana nilinyamaza nione kama atatoka mwenyewe. Alibisha tena taratibu, akangoja mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, kisha akageuka akarudi kukaa.

Msalimie sana wifi Zuhura, na Farouk, na mwalimu mwenzako Paulo aliyetutembelea mwaka juzi. Sabina na Sada wanakusalimu. Mama nimemwambia nakuandikia, akasema nikuulize kama huko mliko samaki wanapatikana. Mungu awalinde nyumbani na safarini, na atukutanishe sote tungali hai.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Yasmin